Shajara ya mradi: tabo kubwa isaidiwe na supachaja au na tabo ndogo? Injini ya 1.3 hapa Mbeya

Mwisho wa Machi

Injini imeshushwa na iko kwenye stendi. Ni K3-VET ya Toyota Cami, silinda nne, cc 1,298, uwiano wa mgandamizo 8.5 kwa 1. Kiwandani ilitoka na tabo moja ndogo, pampu inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, na nguvu za farasi 140. Wengi hapa wanamjua ndugu yake asiye na tabo, K3-VE, aliyemo kwenye Passo zinazopishana Mafiati na Mwanjelwa kutwa nzima.

Ninachotaka ni hiki: Cami hii ipande kutoka Uyole hadi Isyonje ikiwa na watu wanne na mifuko ya mbolea nyuma, gia ya tatu, bila dereva kulazimika kuivusha injini mizunguko 4,500 kwa dakika ndipo apate nguvu. Huku kwetu nguvu ya juu si shida ya mtu yeyote. Shida iko kati ya mizunguko 1,800 na 3,000, kwenye kona ya mlima, nyuma ya lori, unapotaka kuondoka na gari linafikiria kwanza.

Ukitaka kuisukumia injini ndogo hewa kwa hatua mbili, njia zinazobishaniwa ni mbili. Moja ni supachaja inayozungushwa na mkanda ikishirikiana na tabo inayozungushwa na moshi. Nyingine ni tabo mbili zilizofuatana, kubwa ikiilisha ndogo, kila moja ikizidisha presha iliyoipokea. Nitazifunga zote, moja baada ya nyingine, kwenye injini hii hii.

Ili ulinganisho uwe wa haki, tabo kubwa haibadiliki: ni TD04L iliyotoka kwenye Subaru Forester. Kwa cc 1,298 hiyo ni kubwa. Chini ya mizunguko 3,000 moshi hautoshi kuichangamsha. Kinachobadilika ni msaidizi wake wa chini. Awamu ya kwanza msaidizi ni supachaja ya Aisin, AMR500, aina ya Roots, inayosukuma nusu lita ya hewa kwa kila mzunguko wake. Zilifungwa kwenye Subaru ndogo za cc 660. Awamu ya pili msaidizi ni ile tabo ndogo ya asili ya K3-VET. Petroli ni ya pampu, intakula ya mbele, inayopoza hewa iliyobanwa, ni ile ile, na lengo ni lile lile: presha ya bar 1.6 ndani ya manifodi ya kuingizia hewa, ikihesabiwa kuanzia ombwe na si kuanzia hewa ya nje.

Hesabu ya mwinuko

Hii naiandika kwa kirefu kwa sababu mradi wote umesimama juu yake, na kwa sababu kila ninapokaa na vijana wenye magari ya tabo mazungumzo yanaishia kwenye geji.

Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi. Dar presha ya hewa ni bar 1.01. Hapa ni 0.83. Isyonje, kwenye mita 2,200 hivi, inashuka hadi kama 0.77. Injini isiyo na tabo ikipanda kutoka Dar hadi hapa imeshapoteza karibu asilimia 18 ya presha inayoijazia silinda, kabla haijabeba mtu. Baridi yetu inarudisha kidogo kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, lakini hairudishi yote.

Husemwa kwamba tabo haijali mwinuko. Hiyo ni nusu ya ukweli. Westigeti, mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabo presha ikishatosha, kwa kawaida ni springi inayoshindana na hewa ya nje. Springi ya bar 0.6, ukiwa Dar, inafunguka manifodi ikiwa na 1.61. Springi hiyo hiyo hapa Mbeya inafunguka kwenye 1.43, na Isyonje kwenye 1.37. Kwa hiyo gari la tabo nalo limepoteza, asilimia 11 hapa mjini, isipokuwa kompyuta yake iwe na namna ya kuichelewesha westigeti. Geji ya dashibodi haitakuambia kitu, maana nayo inapima tofauti na hewa ya nje: itaonyesha 0.6 Dar, 0.6 Mbeya, 0.6 Isyonje, na mwenye gari ataapa kwamba hakuna kilichopungua. Ndiyo maana nimefunga sensa inayohesabu kuanzia ombwe. Kila namba ya manifodi ya hewa kwenye shajara hii imetoka kwake.

Kufikia 1.6 ukiwa Dar unazidisha hewa ya nje mara 1.6 tu. Hapa unazidisha mara 1.93, na Isyonje mara 2.08. Hapo ndipo hatua mbili zinapopata hoja. Tabo moja ndogo ikilazimishwa kuzidisha mara mbili inatoka nje ya eneo lake zuri, inakimbia kupita kiasi na inaichemsha hewa. Zikiwa mbili zinagawana: 1.39 mara 1.39 ni 1.93, na kila moja imefanya kazi nyepesi.

Joto nimelipigia hesabu kwa hewa ya nje ya nyuzi 20. Kompresa moja, yaani upande wa tabo unaobana hewa, yenye ufanisi wa asilimia 65, ikizidisha mara 1.93, inatoa hewa ya nyuzi 113 hivi. Kompresa mbili zenye ufanisi wa asilimia 72, bila intakula katikati, zinatoa 106. Tofauti ni ndogo mno kwa mtu kujisumbua. Lakini weka intakula katikati, irudishe hewa hadi nyuzi 35, na hatua ya pili inatoa 77. Faida ya tabo mbili imejificha pale katikati. Anayezifunga bila intakula ya katikati ameongeza uzito na mabomba, basi.

Supachaja ya Roots ina udhaifu wake kwenye hesabu hii. Yenyewe haigandamizi hewa ndani. Inaibeba tu na kuitupa kwenye presha iliyoko mbele, kwa hiyo ufanisi wake naukadiria asilimia 55. Tena inasukuma ujazo, si uzito. Nusu lita ya hewa ya Isyonje ni nyepesi kuliko nusu lita ya hewa ya Dar, na supachaja haina namna ya kufidia kwa sababu mkanda unaizungusha kwa kasi ile ile. Tabo inaweza kufidia, ikiruhusiwa kukimbia zaidi. Kwa maneno mengine, supachaja peke yake ingeniondolea kusubiri lakini isingeniondolea mwinuko. Tabo peke yake ingeniondolea mwinuko lakini isingeniondolea kusubiri. Hilo ndilo wazo ninalolipima.

Aprili, mvua za mwisho

Kuchomelea nje haiwezekani, nimesoma na kupanga mabomba tu.

Tabo na mwinuko ni marafiki wa zamani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la tabo mwaka 1905, na mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Marekani, mita 4,300, ili kuonyesha kwamba tabo inarudisha nguvu inayoliwa na hewa nyepesi. Nguvu ya injini ilipanda kutoka farasi 230 hadi 356 pale pale kileleni. Nikisoma habari hiyo naona kwamba swali letu la Mbeya lilikuwa swali la kwanza kabisa la mashine hii. Kuwapita wenzako barabarani kulikuja baadaye.

Na ndege ya B-17 ya vita vya pili ilikuwa na vyote viwili: tabo ya moshi ikilisha supachaja ya gia iliyomo ndani ya injini, na intakula kati yao. Mpangilio huo, tabo kwanza kisha supachaja, ndio ninaoufuata. Sababu yake ni nyepesi kueleza: kwa kuwa supachaja inasukuma ujazo, ukiipa hewa iliyokwisha kubanwa, ujazo ule ule unabeba uzito mkubwa zaidi, na mwinuko umeshamalizwa na tabo kabla hewa haijaufikia mkanda.

Kwenye magari, Lancia walifanya hivyo kwa Delta S4 ya mbio mwaka 1985, cc 1,759. Nissan March Super Turbo ya 1989 inanivutia zaidi kwa sababu injini yake ni ndogo kuliko yangu, cc 930, na ilitoa farasi 110. Ile cc 930 haikuja kwa bahati: kanuni za mbio zilizidisha ujazo wa injini zinazosukumiwa hewa kwa 1.7, na 930 mara 1.7 ni 1,581, chini kidogo ya kundi la 1,600. Kisha Volkswagen mwaka 2005 wakaleta 1.4 TSI kwenye Golf: cc 1,390, farasi 170, na mkokoto (torki) wa Nm 240 kuanzia mizunguko 1,750. Supachaja yake ilikuwa na klachi ya sumaku na ilipumzishwa kabisa ikifika mizunguko 3,500. Baadaye kampuni yenyewe ikahamia tabo moja kwenye injini ya ukubwa huo, kwa kuwa tabo ndogo za kisasa zinaamka mapema na ni rahisi kutengeneza. Uamuzi huo naukubali kwa mtu anayeishi kwenye usawa wa bahari. Anayeishi kwenye bar 0.83 apige hesabu yake upya.

Tabo mbili zilizofuatana, kwa upande wake, zimestawi kwenye dizeli. BMW 535d ya 2004 ni mfano unaojulikana. Kwenye petroli ndogo hazikushika. Nina dhana kwa nini, ila nitaipima badala ya kuiamini.

Mei, awamu ya kwanza: supachaja na tabo

AMR500 imefika kwa basi la usiku kutoka Dar, imefungwa kwenye boksi la mafuta ya kula. Rota zake ni nzima. Ukizungusha kwa kidole hazigusani, na hakuna mchezo kwenye beringi.

Imekaa pale ilipokuwa kompresa ya AC. Mbeya AC ni mzigo tu, hasa mwezi huu, na breketi yake ilikuwa imeshanilipia nusu ya kazi ya kupanga mkanda. Puli nimeikereza kwa fundi wa lethi aliye kwenye eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo. Nilimwambia nataka kipenyo nusu ya puli ya kranki, ili supachaja izunguke mara mbili ya injini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hii itakimbia kiasi gani?”

“Elfu kumi na mbili injini ikifika elfu sita.”

Hakujibu. Alipomaliza kukereza aliifunga tena kwenye lethi, akaizungusha polepole, akashika kipande cha chaki kwa mikono miwili na kukisogeza hadi kikagusa ukingo wa puli kwa upole. Akasimamisha mashine. Chaki ilikuwa imeacha alama upande mmoja tu, urefu wa kidole. Akaondoa unyoya wa chuma, akarudia. Mara hii alama ikazunguka puli yote, nyembamba na sawasawa. “Sasa ichukue,” akasema. Mkanda haujawahi kulia tangu siku ile.

Mpangilio wa hewa: chujio, TD04L, intakula, throtoli, supachaja, manifodi. Pembeni ya supachaja kuna njia yenye valvu. Valvu ikiwa imefungwa, hewa yote inapita kwenye rota. Ikifunguka, hewa inaikwepa supachaja na rota zinazunguka bila kubeba kitu. Valvu hii ndiyo roho ya mfumo mzima, na watu wengi hawaipi heshima yake. Isipofunguka kwa wakati, supachaja inakuwa kizuizi mbele ya tabo na mkanda unakula nguvu bure. Ikifunguka ghafla, dereva anahisi shimo. Nimetumia kifaa chenye springi na kiwambo, kinachofuata presha iliyoko kabla ya supachaja: kadiri tabo inavyoamka ndivyo valvu inavyofunguka taratibu.

Karatasi ilisema hivi: injini ya lita 1.3 kwenye mizunguko 2,000 inameza lita 1,100 za hewa kwa dakika. AMR500 kwenye 4,000 inaleta kama 1,500, ukiondoa inayovuja kati ya rota. Uwiano ni kama 1.36, ambao ukizidishwa na hewa yetu ya 0.83 unakupa bar 1.13. Gharama yake kwenye mkanda ni kilowati 1.1 hivi, na mlima wote unajua kwamba nguvu inayorudi ni kubwa kuliko hiyo.

Barabarani, gia ya tatu, mguu chini: kwenye 2,000 sensa inasoma 1.17, kwa kuwa moshi mwingi zaidi umeanza kuisukuma TD04L mapema. Kwenye 2,500 inasoma 1.40. Kwenye 3,000 imeshafika 1.6 na westigeti inaanza kazi. TD04L ileile bila supachaja ilikuwa haijafika 1.6 hadi karibu 3,900.

Lakini namba hizo ni za mguu uliokaa chini kwa muda. Kilichonifanya nitabasamu ni kona ya juu kidogo ya Uyole, ambapo tulikutana na lori la mbolea likitambaa. Ukifuata lori namna hiyo mguu unapanda na kushuka, na tabo inapoteza mbio zake kila mara. Nafasi ilipofunguka nilikanyaga kwenye 1,900 na gari likaondoka papo hapo, bila ile pumzi ya kwanza ya kungoja. Abiria wa nyuma hakujua kuna kitu kimetokea. Hivyo ndivyo ninavyotaka injini ya mlima iwe.

Joto: kati ya 2,300 na 3,200, ambapo vyote viwili vinafanya kazi, hewa inaingia kwenye manifodi ikiwa na nyuzi 80 hadi 88, kwa sababu baada ya supachaja hakuna nafasi ya intakula nyingine. Ni moto. Valvu ikifunguka kabisa, karibu 3,500, inashuka hadi nyuzi 45 na ushee. Moto huo ni wa kupita. Huishi humo, unapita tu ukielekea juu.

Taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, nimeirudisha nyuma nyuzi mbili za mzunguko wa kranki kwenye dirisha hilo la joto. Nokingi, ule mlio wa petroli kujiwakia pembeni mwa chumba kabla mwali wa plagi haujaifikia, naisikiliza kwa sensa ya pili niliyoifunga ubavuni mwa bloku na kuipeleka kwenye spika za masikioni. Ukishausikia mara moja hutausahau: ni mkavu, mfupi, na hauna uhusiano na sauti nyingine yoyote ya injini. Kwa nyuzi mbili hizo umetoweka.

Juni, awamu ya pili: tabo mbili

Supachaja imetoka. Kazi kubwa sasa ni ya moto. Moshi unatoka kwenye silinda, unapita turbini ndogo (turbini ni upande wa tabo unaozungushwa na moshi), kisha turbini kubwa, kisha ekzosi. Hewa inakwenda kinyume: kompresa kubwa, intakula ya katikati, kompresa ndogo, intakula ya mbele, manifodi. Intakula ya katikati nimeitengeneza kutokana na ile ya juu ya Forester na kuipachika ilipokuwa kondensa ya AC. Turbini ndogo ina westigeti kubwa ya nje inayopeleka moshi moja kwa moja kwa turbini kubwa injini ikishapanda.

Manifodi ya moshi nimeichomelea kwa viwiko vya bomba la stimu lenye ukuta mnene. Bomba kati ya turbini mbili lilipasuka kwenye kiungo cha weldi baada ya mlima wa kwanza mrefu. Moshi wa petroli ukiwa kwenye mzigo unakaribia nyuzi 950, na turbini mbili zilizoshikana kwa chuma kisichonyumbulika zinavutana kila zinapopata moto na kupoa. Nimekata nikaweka kipande cha bomba la mikunjo, na tabo kubwa nikaipa mguu wake unaoteleza. Haijapasuka tena. Yeyote anayepanga mfumo huu aanze na swali la chuma kitatanuka kwenda wapi.

Matokeo ya chini: kwenye 2,000 sensa inasoma 0.96. Kwenye 2,500 inasoma 1.22. 1.6 inafika kwenye 3,200. Si mbaya hata kidogo, na ukilinganisha na TD04L pekee ni mbingu na ardhi. Ila nyuma ya lori, kwenye kona ile ile, kusubiri kumerudi. Tabo ndogo inahitaji moshi, na moshi unahitaji hewa ambayo bado haijaja.

Matokeo ya juu yanastahili sifa. Nilipanda barabara ya Chunya, kupita misitu ya Kawetire, hadi juu ya mita 2,400 ambako hewa ya nje ni bar 0.76 hivi. Manifodi ilibaki 1.6 mwanzo hadi mwisho bila kutikisika, na hewa baada ya hatua ya pili haikuvuka nyuzi 82 kabla ya intakula ya mbele. Supachaja ikishaachia, TD04L inabaki peke yake na inalazimika kuzidisha mara 2.1 pale juu. Inaweza, lakini inatoa jasho, na hewa yake inaingia kwenye intakula ikiwa na nyuzi zaidi ya 110. Kwenye upande wa hewa, basi, tabo mbili zilinipa nilichoahidiwa na hesabu.

Tatizo liko upande wa moshi. Nimechukua bomba jembamba la shaba la friji, nikalikunja mizunguko kadhaa ili moshi upoe njiani, upande mmoja nikauchomelea kwenye manifodi ya moshi na upande wa pili nikafunga geji. Ni kifaa cha bei ndogo na kimenifundisha kuliko mashine zote za daiginosi. Kwenye 4,500, hewa inayoingia ikiwa juu ya hewa ya nje kwa bar 0.77, moshi unaotaka kutoka ulikuwa juu kwa bar 1.5. Kwenye awamu ya supachaja, mahali pale pale, moshi ulisoma 0.9. Turbini mbili zimewekwa mfululizo, na kama kompresa zinavyozidishana presha upande mmoja, turbini zinazidishana kizuizi upande mwingine. Hata westigeti ya ndogo ikiwa wazi yote, bado kuna mlango mwembamba njiani.

Moshi unaobanwa hivyo hautoki wote. Sehemu yake inabaki ndani ya silinda ikiwa ya moto, inachanganyika na hewa mpya tuliyoipoza kwa jasho la intakula mbili, na petroli inaanza kujiwakia. Kwenye spika nilisikia ule mlio mkavu kuanzia 3,800. Ili unyamaze ilibidi nirudishe taimingi nyuma nyuzi tano, na huko nyuma injini inachoma mafuta mengi kwa nguvu ndogo na moshi unazidi kuwa wa moto. Presha ya manifodi ni ile ile 1.6, lakini mguu unaisikia tofauti.

Dizeli haina kesi hii. Inabana hewa tupu, mafuta yanaingia dakika ya mwisho, kwa hiyo hakuna kitu cha kujiwakia kabla. Na moshi wake ni wa baridi kuliko wa petroli. Dizeli inaweza kuchukua presha mara tatu ya hewa ya nje na kufurahi. Petroli ya pampu kwenye injini hii inanisimamisha karibu na 1.6 hata niwe na kompresa ngapi. Tabo mbili zinauza uwezo wa kwenda juu sana, na petroli haina mahali pa kuutumia.

Julai

Supachaja imerudi kwenye gari. Nimeipima tena bila kubadilisha kitu, kwa asubuhi za baridi na mchana, na namba ni zile za Mei. Mkanda unakula mafuta kidogo kwenye barabara tambarare kwa sababu rota zinazunguka muda wote hata zikiwa hazina kazi. Kati ya Uyole na Igawa hilo linaonekana kwenye tenki, mlimani halionekani.

Kuna hoja moja ya upande wa tabo mbili ambayo siifuti. Mtu mwenye gari linalokaa juu ya mita 2,400 muda wote, na akawa na turbini kubwa zaidi kidogo upande wa ndogo, huenda kizuizi cha moshi kingepungua hadi petroli ikakubali. Lakini turbini ya kwanza ikishakuwa kubwa, inaamka kwa kuchelewa, na sababu ya kuiweka imeondoka. Nimezunguka na fundi mwenzangu kwenye hesabu hiyo jioni nyingi na kila mara tunatokea mlango ule ule.

Manifodi ya turbini mbili nimeisafisha na kuihifadhi kwa ajili ya injini ya dizeli itakayokuja.

Sasa hivi kazi ni klachi. Nimepata klachi ya sumaku kwenye kompresa ya AC iliyokufa, ili supachaja ikatwe kabisa juu ya 3,500 na kwenye tambarare. Shafti ya AMR500 ni nyembamba kuliko ya kompresa, kwa hiyo mzee wa SIDO ameanza kukereza bushi ya kuziba tofauti, na ameshaniagiza nimpelekee rota ili apime mwenyewe badala ya kumpa vipimo kwa simu. Springi ya valvu nitailegeza kidogo ili ifunguke mapema pale Isyonje kuliko hapa mjini. Vyote viwili vikikaa sawa, mzigo unaofuata ni wa mkoa wa Iringa, na mlima wa Kitonga nitaupanda kwa gia ya tatu.